Siku ya Kumi na Mbili ya Mionzi

Mama yangu alizikwa siku niliyolala kwenye mashine ya mionzi mara ya kumi na mbili. Yeye alikuwa kijijini kwetu, upande wa Hanga. Mimi nilikuwa Dar es Salaam, na ni mimi niliyeamua nisiende.

Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi Songea, nikiishi Mjimwema na binti yangu wa miaka tisa. Titi la kushoto lilikuwa limeshakatwa kwa saratani, na dawa za dripu nilikuwa nimezimaliza. Zile dawa zilininyonyoa nywele, nyusi na hata kope. Miaka ile mtu akikonda na kunyonyoka nywele, mjini hakuulizwa anaumwa nini; watu walikuwa na jibu lao tayari. Ilibaki mionzi, na mashine yake haikuwepo kwetu. Ilitakiwa nikae Dar wiki tano, nichomwe mara ishirini na tano, bila kuruka hata siku moja ya kazi.

Kabla ya kusafiri nilimpeleka binti yangu kijijini, kwa kaka yangu mkubwa, alikokuwa akiishi pia Mama. Nilimkuta Mama jikoni anapukuchua mahindi, miguu imevimba, anapumua kwa shida.

"Mama, au nisubiri kwanza upate nafuu?"

Hakuinua macho. "Umewahi kuona mtu anawasha tanuri la tofali halafu anaondoka kwenda kusalimia watu? Nenda. Usirudi hawajamaliza. Hata usikie nini."

Tulikuwa wawili tu mle jikoni.

Dar nilifikia kwa binamu yangu. Hospitali walinichora mistari ya zambarau kifuani, kuanzia juu ya mfupa wa bega hadi chini ya kwapa, wakaniambia nisiioshe wala nisiipake chochote. Kila siku nililala chali, mkono wa kushoto umeinuliwa juu ya kichwa, wahudumu wakatoka na mlango mzito ukafungwa. Mashine ilinguruma, ikanyamaza. Sikuhisi maumivu. Maumivu yalianza baadaye, ngozi ilipogeuka nyeusi kama masizi na kuanza kuchubuka.

Habari ya msiba ilikuja kwa simu ya duka jirani na kwa binamu. Kaka alikuwa amepanda gari hadi Posta ya Songea ili anipigie.

"Mama ametutoka leo alfajiri," alisema. "Tunazika keshokutwa saa nane. Panda basi la kesho."

Nilimwambia lazima kwanza nimwone daktari. Akasema, "Daktari wa nini? Aliyekufa ni mama yako."

Asubuhi nilimweleza daktari, mama mmoja mtu mzima, mpole. Alivua miwani.

"Mwanangu, siwezi kukukataza kumzika mama yako. Lakini kwenda na kurudi, na msiba wenyewe, ni wiki nzima. Ugonjwa wako ulikuwa umeshafika kwapani. Tukikata hapa katikati, mimi sina cha kukuahidi."

Nikakaa kwenye benchi la nje. Nilimfikiria Mama, kisha binti yangu. Nikajiambia kwamba Mama ameshakufa na binti yangu bado yu hai. Kulifikiria jambo hilo ni rahisi, lakini tangu siku ile sijawahi kulitamka mbele ya mtu wa ukoo wetu. Zamu yangu ilipoitwa niliingia.

Kesho yake, siku ya mazishi, foleni ilikuwa ndefu. Nililazwa kwenye mashine saa nane kasoro. Machozi yalitiririka hadi masikioni na sikuweza kuyafuta, kwa sababu nilikuwa nimekatazwa kusogea.

Nilipomaliza zile mara ishirini na tano nilipanda basi, nikafika Songea, na siku iliyofuata nikaenda kijijini. Kaka alikuwa amekaa barazani. Zamani alikuwa karani wa chama cha ushirika, mtu wa kupima mahindi ya watu na kuheshimiwa. Chama kilipoacha kununua, na wafanyabiashara wakaanza kuja na malori yao, kazi yake ikaisha. Heshima aliyobaki nayo ilikuwa ya hapo nyumbani, kama mkubwa wa familia.

"Shikamoo kaka."

Hakuitikia. Alimwambia mkewe aliyekuwa ndani, "Mgeni amefika. Mpe kiti."

Nilimweleza maneno ya Mama jikoni. Alisikiliza hadi mwisho.

"Maneno ya marehemu," akasema, "kila mtu ana yake. Mimi najua alikuulizia siku tatu. Hata mtoto wako alitupa udongo kaburini. Wewe ulikuwa wapi?"

Mpaka leo sijui Mama aliposema "hata usikie nini" alimaanisha nini. Huenda alimaanisha umbeya wa mjini tu.

Kwa desturi ya ukoo wetu mabinti wa marehemu hunyolewa. Ndugu zangu wa kike, waliokuja kuzika, walishanyolewa. Shangazi, dada yake baba, alikuja na wembe mpya na bakuli la maji. Nikavua kitambaa. Nywele zangu zilikuwa ndiyo kwanza zimeota, laini kama za mtoto mchanga, na kila asubuhi Dar nilizipapasa kabla ya kufanya lolote.

"Shangazi, zimetoka juzi tu," nilimwambia.

Kaka alisikia. "Hata nywele unamnyima!"

Nikainamisha kichwa. Shangazi alinyoa nusu, kisha akashusha kola ya gauni ili kukung'uta nywele shingoni. Mkono wake ukasimama. Aliona ngozi nyeusi iliyochubuka juu ya bega, inayoshuka kuelekea pale lilipokuwa titi.

"Wamekufanya nini, mwanangu?"

"Ndiyo dawa yenyewe, shangazi."

Aliuweka wembe chini. "Hii inatosha. Mama yako angeona hivi asingetaka tukunyoe."

"Malizia," nilimwambia. Sikutaka kaka apate la kusema tena. Akamalizia huku analia, na nadhani hakuwa akimlilia marehemu peke yake.

Baadaye wifi alinipeleka kaburini. Majani yalikuwa yameanza kuota juu ya udongo, na msalaba wa mti ulikuwa umeanguka pembeni. Nikapiga magoti, nikaanza kusali. Wifi akanigusa bega, taratibu.

"Wifi, hapo ni miguuni. Kichwa kiko upande huu."

Nikahamia upande aliouonyesha.

Nilirudi mjini na binti yangu, na kaka hakunisemesha mwaka mzima. Mkono wangu wa kushoto ulikuwa ukivimba nikishika jembe, kwa hiyo kishamba changu cha mahindi hapo kijijini nilikilima kidogo kidogo, Jumamosi nilipokuja kutoka mjini. Msimu wa pili, asubuhi moja, alikuja na jembe lake begani. Alilima matuta manne bila kunitazama, akakung'uta udongo, akaondoka bila kuaga. Sikujua kama alikuwa amenisamehe au alikuwa anatimiza wajibu wa mkubwa. Siku hizi ananiitikia shikamoo yangu, na habari ya mazishi hatujawahi kuigusa.