Ubao wa Pasi wa Baba Kavinya

Kilonzo si mtu wa uongo. Muulize yeyote mtaani Kariobangi aliyewahi kununua kwake kabati au kitanda: akikuambia mbao ni mvule, ni mvule. Kanisani ni mzee, na sahani ya sadaka hupita mikononi mwake. Ila kwa habari za binti yake, mwanaume huyo alidanganya miaka mingi bila kupepesa jicho. Kila aliyemuuliza Kavinya anafanya nini Pwani aliambiwa ni karani bandarini.

Karani wapi! Kavinya alikuwa anapanda mawimbi. Anasimama juu ya ubao baharini, wimbi linamsukuma, naye anageuka nalo huku na huku majaji wakimtazama. Alipoanza, wasichana walikuwa ni wa kushika taulo za wavulana ufukweni. Sasa wana mashindano yao wenyewe, na zawadi sawa na za wanaume, na Jumatatu alikuwa anapanda ndege kwenda Afrika Kusini kushindana na mabingwa wa nchi nyingine. Ndiyo maana alikuja kulala kwa baba yake, ubao wake, wa povu gumu na faiba ya plastiki, akauegemeza nyuma ya kochi.

Kilonzo alifurahi kumwona, lakini ubao ule ulimnyima raha. Aliwahi kutumiwa picha moja ya Kavinya akiwa na vazi la kuogelea, akaifuta upesi, na tangu siku hiyo akawa anaomba waumini wenzake wasiione.

Jumamosi mchana, Kavinya akiwa ameenda dukani, hodi! Mama Luseno, mwenyekiti wa kina mama kanisani, na wenzake wawili, wamekuja kuombea nyumba. Mkononi ana mfuko wa majoho ya kwaya. Na jicho la mama yule halipitwi na kitu.

“Baba Kavinya, na hili dude refu ni la nini?”

Hapo ndipo angesema. Neno moja tu.

“Ah, hiyo? Ubao wa pasi. Oda ya mteja.”

“Lo! Mrefu hivi! Joho zima si litaenea? Hebu tuujaribu, haya ya kesho yamekunjamana vibaya.”

Mara ubao umelazwa juu ya viti viwili, umetandikwa shuka, pasi imechomekwa. Kilonzo alisimama pale mdomo wazi. Kumzuia ni kusema ukweli. Akanyamaza. Jamani, akanyamaza! Joho la kwanza lilipita salama. La pili, Mama Luseno aliiacha pasi ikae huku akisimulia harusi ya mtu, na harufu kali ya plastiki ikajaa sebuleni. Alipofunua shuka, ubao ulikuwa umeyeyuka na kuacha tundu la ukubwa wa kiganja.

Kavinya akaingia saa hiyo hiyo na maziwa ya chai.

“Pole, mama,” Mama Luseno alimwambia. “Nimeunguza ubao wa pasi wa mteja wa baba yako.”

Kavinya aliutazama ubao. Akamtazama baba yake. Kilonzo akaangalia vidole vyake vya miguu.

“Si neno, mama,” Kavinya alisema. “Baba ni fundi. Atatengeneza mwingine.”

Kisha akaenda kuwachemshia wageni chai. Alimfunikia uongo wake, mtoto yule, na Kilonzo akaona aibu hadi masikio yakawaka moto. Walipoondoka alimfuata jikoni.

“Nisamehe, mama.”

“Kumbe unanionea aibu hivyo,” Kavinya alisema, bila hata kupandisha sauti. Afadhali angepiga kelele.

Kilonzo akaubeba ubao begani mpaka kwa Wandera, kijana wa karakana za jua kali anayeziba bampa za matatu kwa faiba.

“Niaje, mzee. Huu ni wa nini? Niambie ukweli, ndio nijue nitaweka tabaka ngapi. Kazi ya nyumbani na kazi ya maji si moja.”

Kilonzo akaushusha ubao begani. “Ni wa baharini. Wa binti yangu, Kavinya. Anapanda mawimbi. Jumatatu anaenda kushindana, na mimi ndiye nimeuacha ukaungua.”

Wandera aliweka chini msasa wake.

“Mzee, Kavinya tunamjua. Tunamfuata kwa simu sisi wote hapa. Akishinda, hii jua kali yote ni makelele. Lakini tukikuona unakuja, tunazima. Tuliona hupendi kusikia.”

 Mtaa mzima humwita Kilonzo kwa jina la mtoto yule kila siku ya Mungu, na mtaa huo huo ulikuwa unashangilia kwa kificho ili yeye asisikie. Alisimama akimtazama Wandera akikata faiba, machozi yakimlengalenga.

“Wandera,” alisema mwishowe, “hebu niwekee video yake moja kwenye hiyo simu yako. Mimi sijawahi kumwona akisimama.”