Hesabu Yenye Muhuri

Juzi nilikuwa kwenye kaunta ya duka la vifaa vya umeme hapa Mbarara, nikinunua balbu, alipoingia mama mmoja Mkongomani kutoka kambi ya wakimbizi ya Nakivale. Hakuuliza bei. Alifungua fundo la kitenge, akatoa karatasi aliyonakilia namba za mashine ya oksijeni waliyoazimwa hospitalini na za sola ya nyumbani kwake.

"Mashine ilizimika, mama mukwe akakata roho," alisema. "Sasa bashemeji banasema ni mie nilifunga waya vibaya."

Mwenye duka alivuta kikokotoo, kisha akakiweka kando, akapiga hesabu kwa kalamu ili mama aone.

"Mashine ni volti mia mbili na ishirini mara ampea moja na nusu: wati mia tatu na thelathini. Sola yako ni kumi na mbili mara nane: wati tisini na sita. Hii hapana weza, nyabo. Hata fundi angefunga, hapana weza."

Mama alifuata kila tarakimu kwa kidole.

"Uandike vile vile, baba. Utie na kashe. Kwetu habaamini karatasi bila kashe."

Mwenye duka akagonga muhuri wake polepole, kama hakimu. Mama akapuliza wino ukauke, akaifunga karatasi ndani ya kitenge.

Hesabu hiyo niliifaulu shuleni, nikaisahau. Inachukua dakika moja tu. Waliomwazima mashine, dakika hiyo hawakuwa nayo.