Mshirika Aliyelala

Heri ningekataa kujibu swali lile. Katika darasa letu la shahada ya uhasibu hapa Kitui, mwenye mvi ni mimi peke yangu. Vijana waliniita Umau, yaani babu, wakinitania kutwa. Utani huo ndio uliokuwa ukinitoa kitandani kila asubuhi.

Mhadhiri akauliza, "Mzee, mshirika aliyelala ni nani?"

Nami, mawazo yakiwa nyumbani, nikasimama kabisa. "Ni Nduku, mke wangu. Amelala kwetu Mutomo."

Wakaangua kicheko. "Umau, si umpigie simu aamke," akasema Mutua, tunayeketi naye.

"Tulimzika."

Mhadhiri akanieleza taratibu kwamba aliuliza kuhusu mtu anayetoa mtaji bila kuendesha biashara. Hakuna aliyecheka.

Siku hizi wananiamkia kwa heshima, wananiachia kiti cha mbele, na hakuna anayenitania tena.