Matundu Kwenye Karatasi ya Shemeji

Bon, mimi sina diploma, lakini toka Louisville mpaka Columbus watu wanajua: risasi nzuri hutengenezwa Buffalo, kwenye gereji yangu. Nayeyusha madini na kuzimimina mwenyewe, nyepesi, kisha natia baruti kidogo, ziende polepole bila kelele nyingi.

Shemeji, kaka wa mke wangu, alikuja kutoka Columbus na risasi za dukani. Tukapatana kushindana kulenga shabaha mbele ya wanaume wa kanisa letu: atakayeshindwa atawachomea wote mbuzi. Uwanjani tulibandika karatasi mbili kwenye ubao mmoja, yangu juu, yake chini; kila mtu ahesabiwe matundu ya karatasi yake. Nikaanza mimi, nikamaliza risasi zote.

"Shemeji, katafute mbuzi!" nikajigamba.

Tukaenda kutazama. Karatasi yangu ilikuwa safi, haina hata mkwaruzo. Risasi zangu za polepole zilishuka njiani, na mimi, fundi mzima, sikuwa nimelenga juu zaidi. Matundu yote yalikuwa katikati ya karatasi ya shemeji, yamebanana hata kifuniko cha soda kingeyafunika.

Shemeji akanikumbatia. "Asante, kaka. Sijapiga hata moja, na nimeshinda!"

Nilimchoma yule mbuzi huku nimetoa kifua mbele kwa fahari. Risasi zote chini ya kifuniko kimoja, jamani!