Nilimgeuzia Mtani Wangu Majibu ya Mtihani wa Benki

Mie ndiye niliyegeuza majibu. Si shetani, si usingizi, wala si macho kuchoka. Mkono huu huu ninaowaandikia ndio ulioandika A mahali pa C na D mahali pa B, ukurasa mzima, huku nikicheka peke yangu kama punguani!

Nimeanza na kosa lenyewe kwa sababu najijua. Nikianza na maelezo nitajipaka mafuta mpaka mnionee huruma. Msinionee. Nisikilizeni tu.

Sie tunakaa Temeke, katika nyumba ya vyumba sita aliyoiacha marehemu baba. Vyumba viwili tunakaa na mama, vilivyobaki wanapanga watu. Nina miaka kumi na sita, niko darasa la kumi, na shuleni sifa yangu ni mbili: mwandiko mzuri na mdomo mbaya. Mwalimu akigeuka ubaoni, darasa zima linanitazama mie lipate kucheka.

Chumba cha mbele alipanga Bwana Maganga. Mnyamwezi, Mkristo, mtu wa miaka ishirini na saba hivi, karani wa mizani katika ghala la ngozi. Mke wake na mtoto aliwaacha kwao, upande wa Tabora, maana mshahara wa ghala haukutosha kulisha watatu mjini. Na ile harufu ya ngozi, jamani! Alikuwa akioga mara mbili na bado paka wa jirani wanamfuata.

Sasa, sie ni Wazaramo, na Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za misafara. Mnajua wenyewe utani ulivyo. Mtani atachukua kofia yako kichwani, atakutukania babu yako, atakuja msibani kwako acheke, na wewe huna ruhusa ya kununa. Ukinuna umevunja mila, na watu watakuona huna adabu.

Bwana Maganga alikuwa bingwa. Nikipita na ndoo yangu kutoka bombani, mbele ya wasichana wote, anaita:

"Mnamwona huyo? Babu yake aliniuzia huyu kwa kifurushi cha tumbaku. Na tumbaku yenyewe ilikuwa na ukungu!"

Namjibu: "Nyie mliofika pwani na mizigo vichwani, mkaiona bahari mkauliza nani kaacha bomba wazi!"

Wasichana hoi! Mama naye, akikaanga mihogo yake uani, anacheka mpaka mwiko unamdondoka.

Lakini siku ya Idd alinipiga pigo. Nimekaa jamvini na wenzangu wa shule, kanzu mpya, sinia la pilau mbele yetu. Bwana Maganga akaja, akanyanyua sinia zima, akasema, "Haki ya mtani," akaenda kulila chumbani kwake. Wenzangu wakanicheka wiki nzima! Nikaapa moyoni kwamba huyu lazima nimlipe.

Haikupita muda, benki moja kubwa kule mjini ikatangaza kwamba safari hii itachukua na makarani Waafrika. Wachache tu, na wanaotaka ni wengi, kwa hiyo mtihani. Hesabu, mwandiko, na Kiingereza. Na anayeanguka hafanyi tena.

Bwana Maganga hesabu anazo, mwandiko anao. Kiingereza ndicho kilichomtia hofu, hasa lile zoezi la kubadilisha mafungu ya maneno. Unapewa sentensi, ndani yake maneno fulani yamepigwa mstari. Chini yake kuna mafungu manne, A mpaka D. Uchague lipi linafaa kukaa mahali pa yale yenye mstari, au useme sentensi iachwe kama ilivyo. Rahisi kusema! Mafungu yenyewe yanafanana kama mapacha.

Mwalimu wetu wa Kiingereza alikuwa na kitabu kidogo cha mazoezi hayo. Nikamwombea Bwana Maganga, mwalimu akakubali, ila kwa siku tatu tu. Bwana Maganga anashinda ghalani, atanakili saa ngapi? Akaninunulia daftari jipya na kidau cha wino.

"Mtani," akasema, "mkono wako ni mzuri kuliko kichwa chako. Ninakilie."

Nikanakili. Maswali yote mia na ishirini, herufi kwa herufi, sikukosea hata nukta. Siku ya tatu nikafika ukurasa wa mwisho, ule wa majibu. Namba na herufi, namba na herufi, basi. Hapo ndipo nikakumbuka sinia langu la pilau.

Nilijiambia nitamwacha wiki moja tu ahangaike, kisha nimwambie, nyumba nzima icheke. Wallahi hiyo ndiyo nia niliyokuwa nayo. Kitabu nikakirudisha kwa mwalimu.

Siku ya kwanza Bwana Maganga akaketi barazani baada ya kazi, juu ya sanduku tupu, akafanya maswali ishirini. Akafungua nyuma kusahihisha. Matatu tu! Mie niko nyuma ya mlango nimejiziba mdomo kwa shati, machozi yananitoka kwa kicheko.

"Mtani," akaniita, uso umemshuka. "Hebu njoo, wewe unayesoma bado. Hili swali la meneja aliyekosa treni. Mie nimechagua B. Kitabu kinasema D. Hii D kwa kweli sikioni mwangu haikai."

Hapo ningesema. Mtu mwenye akili angesema hapo! Mie nikakunja uso kama mwalimu mkuu nikamwambia, "Bwana Maganga, hiki ni Kiingereza cha mabenki. Kile cha misheni kisahau."

Akaitikia kwa kichwa, akaandika pembeni: Kiingereza cha mabenki.

Aliamini, na msimlaumu. Kitabu kimetoka kwa mwalimu, kimeandikwa na Mzungu, na aliyenakili ni kijana wa nyumba anayokaa. Nani angedhani?

Kuanzia hapo mambo yakaharibika kwa namna ambayo sikuitazamia. Bwana Maganga hakukata tamaa. Kila siku saa kumi na nusu yuko juu ya sanduku lake. Alikaa na yale majibu ya uongo akayatafutia sababu! Akajitungia kanuni. "Naona," ananiambia, "wanapenda fungu refu. Na ukiona maneno yamejipindapinda, hilo ndilo." Maskini ya Mungu, akayakariri, akayapenda, mpaka ile lugha sahihi aliyokuja nayo kutoka shule ya misheni ikaanza kumtoka kichwani. Wiki ya pili akapata kumi na saba kati ya ishirini. Akaruka! Mama akampigia kigelegele.

Mie sikucheka tena. Kicheko kilikwisha kabisa.

Nilipanga kumwambia Jumapili. Jumapili akarudi kanisani na karatasi ya barua mkononi.

"Mtani, uniandikie kwa mwandiko wako huo. Nataka mke wangu aone barua ya karani wa benki inavyofanana."

Akakaa, akasema, mie naandika. Mwambie ajitayarishe. Mwambie mwaka huu asilime, shamba ampe dada yake, maana mvua zikianza nitakuwa nimemtumia nauli. Mwambie mtoto nitamwona anakimbia sasa.

Asilime! Niliandika neno hilo kwa mkono wangu. Nikadondosha wino, naye akanitania: "Mzaramo, hujazoea kuandikia watu wakubwa?" Barua nikaipeleka posta mwenyewe.

Mtaniuliza kwa nini sikusema. Nilikuwa nikijiambia kesho. Na kila kesho ikifika, uongo umenenepa zaidi ya jana.

Asubuhi ya mtihani ikafika. Bwana Maganga katoka na shati jeupe, suruali imenyooka, kapanda baiskeli. Nikamkimbilia, nikamkamata nje ya mtaa wetu, nikashika usukani.

"Bwana Maganga, yale majibu ni ya uongo. Niliyageuza. Yote!"

Akanitazama. Kisha akapasuka kicheko mpaka mpita njia akasimama.

"Leo hunipati, mtani! Nilijua utakuja na kitu. Nilikuwa nakungoja tangu nilipoamka."

"Naapa! Haki ya Mungu!"

"Mtani akiapa ndiyo anadanganya hasa. Ondoa mkono, Mzaramo wa tumbaku yenye ukungu, usinicheleweshe." Akanipiga kibao chepesi cha kichwa, akaenda zake akipiga mluzi.

Nikabaki barabarani. Sasa sikilizeni, maana hili ndilo linaloniumiza kuliko lile la kugeuza herufi. Mama alikuwa uani, hatua mia tu kutoka pale. Mama angesema neno moja angeaminiwa. Angemtuma mtu mwenye baiskeli, angeweza hata kwenda mwenyewe, na Bwana Maganga angeingia mle chumbani na Kiingereza chake cha misheni, akafuata sikio lake. Nilijua hivyo. Nilisimama nikajua hivyo. Nikaogopa fimbo. Nikaenda shule.

Barua ya benki ilikuja baada ya wiki kadhaa. Hesabu amepita. Mwandiko amepita. Kiingereza ameanguka, na wanamshukuru. Alimsomea mama kwa Kiswahili, taratibu, kisha akaikunja.

"Kesho nitapita kwa yule mwalimu," akasema. "Anioneshe nilipokosea. Nilikuwa nimejiandaa, mama. Wewe uliniona."

"Nilikuona, mwanangu," mama akasema.

Kesho yake nilirudi shuleni nikakaa uani nikingoja, kama kuku aliyesikia kisu kikinolewa. Alikuja jioni, lile daftari kwapani. Hakuwa amepanda baiskeli, wala hakuwa na mluzi mdomoni. Aliikokota tu hadi ukutani. Mama alikuwa anageuza mihogo kwenye karai.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Vipi, umemwona mwalimu?"

"Nimemwona. Tumelinganisha na kitabu chake." Akanigeukia. Nilisimama. Nilidhani atanipiga, na wallahi nilitamani anipige!

Akanyoosha mkono. Nikaushika.

"Mtani," akasema, "umenipata. Mara hii umenipata kweli kweli." Akacheka. Kicheko chenyewe kilitoka kikavu, kikakatika katikati, akakimalizia kwa nguvu kama mtu anayemeza dawa chungu. "Na ulikuja kuniambia, nikakataa. Basi. Utani ni utani."

Mama akamkaribisha kikombe cha chai. Akakipokea, akakishika, hakukinywa. Akaniuliza, kwa sauti ndogo, "Ile barua uliipeleka posta?"

"Niliipeleka."

"Kwa hiyo hajalima."

Akaweka kikombe chini na daftari kando yake, akaingia chumbani kwake, akafunga mlango polepole, kama mtu asiyetaka kumwamsha mgonjwa.

Bado yuko katika ghala la ngozi. Bado ananisalimu, bado mbele za watu ananiita mtumwa wake wa tumbaku, maana akiacha watu watauliza. Lakini tukibaki wawili hana utani tena. Ananiita kwa jina langu. Hamjui inavyouma mtani kukuita kwa jina lako!

Nyie wenzangu mnaochekesha madarasa, nyie mnaosema "natania tu" kila mkikamatwa, nawaambieni: mtanieni mtu kofia yake, pilau lake, kabila lake, babu yake kaburini. Msiguse kitu alichowaamini nacho akiwa hawezi kukitazama mwenyewe. Na kama umekwisha kugusa, usingoje Jumapili. Wala usimwendee yeye, maana hatakuamini. Mwendee mtu ambaye hajawahi kucheka maneno yako, fimbo uile huko huko.

Jioni ile mlango ulipofungwa, mama aliepua karai mihogo ikiwa mibichi. Alinawa mikono, akajifuta kwa ncha ya kanga, akalichukua lile daftari akalifungua ukurasa wa mwisho. Mama hajui kusoma. Akautazama ule mwandiko wangu mzuri muda mrefu sana. Kisha akasema, na hakupandisha sauti:

"Yule amecheka kwa kuwa ni mtani wako, hana budi. Mie ni mama yako, sicheki. Kaa chini umwandikie mke wa mtu alime kama mvua bado ipo, umweleze na sababu. Na mwisho wa barua utie jina lako, si la mumewe."