Mvushaji wa Korongoni

Jina lake la kuzaliwa lilishasahaulika. Kijiji kizima kilimwita Winchi, kwa sababu ya mashine ya kuvutia waya aliyoizungusha kwa mikono miaka thelathini na mmoja. Wachonga mawe ndio walioanzisha kijiji hicho. Walijenga pale pale walipochonga, chini kabisa ya korongo, nyumba zimebanana kando ya mto kama meno yaliyoota vibaya. Jua lilichungulia saa nne. Saa tisa limeshakwenda zake. Na kwa kuwa upande wao ulikuwa mwamba mtupu, usio na udongo hata wa kuzika kuku, makaburi yalikuwa ng'ambo. Wakavuta waya juu ya maji, wakaning'iniza kasha la mbao, na Winchi akawavusha wazima na wafu.

"Ninunie tu," aliwaambia waliogombana naye. "Mwisho wa yote utapita mikononi mwangu."

Watu walicheka. Machimbo yalipofungwa, wa kucheka wakapungua. Familia moja moja zilipanda kwenda kuishi juu, barabarani, vitanda mgongoni. Shule ikabaki na wanafunzi tisa, kisha ikabaki na mbuzi.

Ndipo mkewe alipoanza kukohoa. Ukuta wa nyuma wa nyumba yao ulikuwa mwamba wenyewe, na ulitoka jasho mwaka mzima. Mganga wa zahanati alisema wazi kwamba mama yule anahitaji mahali pakavu. Binti yao, mshona nguo aliyekuwa akiishi huko juu, akawatengea chumba.

"Twende tukakae kwa mtoto, mume wangu," mkewe alimwambia. "Miezi ya mvua tu."

"Na watu nani atawavusha?"

"Watu gani? Tumebaki kumi na wanne."

"Kwani hao kumi na wanne si watu?"

Mkewe hakulitaja tena. Binti alipokuja kumchukua peke yake, mama alikataa. "Huyu nimwachie nani? Hata chai hajui kuchemsha."

Akafariki wiki ya tatu ya mvua.

Asubuhi ya mazishi wachimba kaburi walitangulia ng'ambo. Binti akapanda kashani, akaushika mwili wa mama yake usiteleze. Jirani alimgusa Winchi begani. "Nenda kamzike mkeo, ndugu yangu. Mimi nitavuta."

"Kazi hii ni yangu," alijibu.

Akazungusha. Mkono wa winchi ukaenda kirahisi mno. Alikuwa amemvusha mkewe mara nyingi alipokwenda kupalilia makaburi ya wazazi, na uzito wake aliujua kama anavyoujua mlango wa nyumba yake. Sasa kashani walikuwa wawili, na ilikuwa kana kwamba amepanda mmoja. Miezi yote ile alilala kando yake, asijue kwamba ameisha hivyo. Mikono ikamfa ganzi. Kasha likasimama katikati ya waya, mto umefura chini yake.

"Baba! Vuta, Baba!" binti alipiga kelele.

Akavuta. Mazishi aliyatazama kutoka upande huu wa mto, peke yake, hasikii neno kwa ngurumo ya maji.

Binti aliporudi, alisimama mbele yake na tope magotini. "Aliomba miezi ya mvua tu."

"Najua, mwanangu."

"Hujui," alisema, akashika njia ya kupanda.

Winchi aliendelea na kazi miaka miwili zaidi, mpaka familia ya mwisho ilipohama, pasibaki mtu wa kuvushwa. Siku hiyo binti alishuka, akasimama mlangoni bila kuketi. "Funga nyumba, Baba. Twende."

Chumba kilikuwa kikavu, kina dirisha kubwa. Kitandani palikuwa na godoro jipya alilonunuliwa mkewe, nailoni yake haijatolewa. Winchi akaomba mkeka, akautandika sakafuni. Binti alimwona. Akaenda kumchemshia chai.