Mbegu Ishirini Kiunoni mwa Bi Mwajabu

Bi Mwajabu binti Athumani wa Temeke hakuwa na shamba wala duka, na mume alikwisha kumzika zamani. Alichokuwa nacho ni neno lake. Mtu akimletea mbegu za bamia, za matango au za mpunga, alizitazama kwanza, akaziviringisha kiganjani, akaibana moja kwa jino, kisha akachukua ishirini, akazifunga katika kitambaa kibichi na kukichomeka kiunoni ndani ya kanga, zikae na joto la mwili. Siku ya nne alikifungua mbele ya mwenyewe na kutoa neno. Maneno yake yalikuwa mawili tu: "Hai" au "Maiti". Akisema maiti, mtu alikwenda kuwamwagia kuku pishi nzima bila kuuliza mara ya pili.

Msidhani alikuwa mpole. Kaka yake mwenyewe, Shomari, aliwahi kuja kwa miguu kutoka Chamazi na gunia la kunde kichwani, masika yanakaribia, jasho linamtoka. Siku ya nne akaambiwa maiti, tena mbele ya wageni. Shomari alisusa, akapanda kwa ukaidi, na haikuota hata moja. Siku aliporudi na jogoo mkononi kuomba radhi, Bi Mwajabu alimpokea jogoo na kumwuliza kama naye amepimwa.

Mtu wa namna hiyo ndiye aliyeitwa barazani kwa hakimu mwaka wa arobaini na tisa, kwa ajili ya kopo la mbegu za bangi.

Kopo lilikuwa la jirani yake, Gaudens, karani wa bohari moja kule Chang'ombe, mtu wa Bukoba, shati jeupe kila siku na kalamu mfukoni hata Jumapili. Koplo Polikarpo wa polisi alilikuta juu ya dari, limefunikwa kwa gazeti. Gaudens hakukana kwamba ni lake. Alisema mbegu zile alizifagia boharini, zilidondoka kwenye magunia, akazileta nyumbani ziwe chakula cha njiwa wake. Tena, alisema, mkewe Kokushubila alizikaanga zote kwanza, ili isije ikaota hata moja uani wakapata balaa.

Hakimu alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akalitikisa kopo karibu na sikio lake.

"Kama zimekaangwa, hiki ni chakula cha njiwa," alisema. "Kama zi hai, hili ni shamba ndani ya kopo, na wewe utakwenda jela miezi sita."

Nani wa kusema kama zi hai? Bwana shamba alikuwa safarini Kilosa, na haikujulikana atarudi lini. Ndipo mzee mmoja wa baraza alipolitaja jina la Bi Mwajabu, na baraza zima likaitikia kwa vichwa, maana nusu yao walikuwa wamekula bamia zilizopita kiunoni mwake.

Akaletwa. Akapewa mbegu chache kiganjani, na kabla hajajifikiria, mkono ukafanya ulichozoea: ukapeleka moja mdomoni. Jino likaikata. Ilipasuka kwa mlio mdogo, na mafuta mabichi yakaenea ulimini, matamu kidogo kama ya karanga iliyotoka shambani. Mbegu ile haikuwahi kuona moto. Gaudens amesema uongo, na pale barazani wanaojua ni watatu tu: yeye Gaudens, mkewe, na Bi Mwajabu.

"Jino linasemaje?" aliuliza hakimu.

Bi Mwajabu aliwatazama. Gaudens ameinamisha kichwa. Nyuma yake amesimama Kokushubila, mtoto mgongoni na mwingine ameshika upindo wa nguo.

"Jino halitoi ushahidi, Bwana," alijibu. "Kitambaa ndicho kinachosema."

Miaka yote ile hakuwahi kulificha neno la jino. Alikuwa akilisema papo hapo, kisha kitambaa kikathibitisha. Leo amelimeza.

Hakimu akaamuru mambo yaende kwa utaratibu. Koplo akahesabu mbegu ishirini, akazifunga katika kipande cheupe cha marekani, akakaza fundo kwa uzi na kudondoshea lakiri, ile nta nyekundu ya mihuri, juu yake, kisha akagonga muhuri. Bi Mwajabu atakilowanisha na kukivaa kama kawaida yake, ila asikifungue. Siku ya nne atakirudisha. Na Koplo atapita saa yoyote apendayo kuutazama muhuri.

Alifika nyumbani na kile kitambaa kiunoni, kizito kama jiwe la kusagia. Hajakaa vizuri, Kokushubila akaingia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ulizikaanga?"

Kokushubila alianza kusema ndiyo, akashindwa. Akakaa chini mkekani na kujifunika uso.

"Sikuzikaanga, mama. Aliniambia niseme hivyo. Si zake, kuna dereva wa lori alimwekea. Ameapa mbele ya msalaba hatarudia tena. Akifungwa, kazi imekwenda, na mie nitawapeleka wapi watoto hawa? Bukoba ni mbali, na kule hakuna anayenitaka."

"Mie nifanye nini?"

"Maji ya moto tu, mama. Kidogo tu."

"Toka," alisema Bi Mwajabu. "Toka nyumbani mwangu."

Akatoka. Na hapo ndipo taabu yenyewe ilipoanza, maana yule aliyefukuzwa hakuwa mtu wa kufukuzwa. Mwaka uliopita Bi Mwajabu alishikwa na homa wiki tatu. Ndugu zake walikuja, wakakaa kwenye mkeka, wakasema pole, wakarudi kwao. Aliyemnywesha uji kijiko kwa kijiko, aliyemwogesha na kumfulia nguo ambazo hata binti wa kuzaa angezishika kwa kinyaa, ni huyu Mhaya, Mkristo, asiyemhusu kwa damu wala kwa dini. Hakuwahi kulitaja hata leo alipokuwa akiomba. Laiti angelitaja, Bi Mwajabu angemtukana na kupata usingizi.

Siku ya kwanza ikapita. Siku ya pili wakulima wa bonde la Msimbazi walipita kwa makusudi, wakasimama mlangoni na kuuliza habari za mbegu zao, macho yote kiunoni kwake. Koplo alikuja mara mbili, asubuhi na adhuhuri. Alikuwa mtu wa adabu, alipiga hodi, akaamkia, akauangalia muhuri kwa mbali, akashukuru. Adabu ile ilimtia Bi Mwajabu hofu kuliko ukali.

Alfajiri ya siku ya tatu akazihisi. Mtu mwingine asingehisi kitu, lakini yeye alizijua mbegu kama mama ajuavyo mtoto anapogeuka tumboni. Kitambaa kilikuwa kimevimba kidogo, na ndani yake palikuwa na vichwa vidogo vilivyosukuma. Zimeamka. Kesho zitakuwa zimetoa mikia myeupe, ishirini au pungufu kidogo, na Gaudens atakwenda jela.

Akaswali, akakaa juu ya mswala muda mrefu. Ng'ambo ya ukuta mtoto mdogo wa Kokushubila alikuwa analia, mama yake akimbembeleza kwa wimbo wa kwao Bukoba. Bi Mwajabu alikasirika. Alimkasirikia Gaudens na kalamu yake, akamkasirikia hakimu kwa kumtwisha mzigo wa serikali, akajikasirikia mwenyewe kwa kuugua mwaka uliopita. Kisha akasimama na kutia maji katika sufuria.

Yalipochemka aliyamimina katika kata. Tatizo lilikuwa lakiri. Ikipata moto italainika, muhuri utaharibika, na hapo watafungwa wawili. Akakishika kitambaa kwa fundo, vidole viwili juu, akakiteremsha polepole mpaka kile kifuko chenye mbegu kikazama na fundo likabaki nje. Mvuke ukampanda mkononi. Akahesabu kimoyomoyo. Alikuwa amefika thelathini na ngapi sijui, aliposikia mlangoni:

"Hodi wenyewe! Hodi hapa!"

Ilikuwa sauti ya Koplo Polikarpo, saa moja haijatimia.

Hapakuwa na nafasi ya kufikiri. Akakichomoa, kinachuruzika maji ya moto, akakichomeka mahali pake kiunoni na kukaza kanga juu yake. Akauma meno. Ngozi ya ubavuni iliungua papo hapo, akaisikia inaungua, na machozi yakamjia bila ruhusa.

"Karibu."

"Shikamoo, bibi. Nimewahi leo."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuona."

"Mbona unalia?"

"Moshi. Kuni mbichi."

Koplo alitazama jiko. Lilikuwa la mkaa. Akatazama kata yenye maji yanayofuka mvuke, akatazama sufuria. Bi Mwajabu naye alikuwa anayatazama yale yale, na kila pumzi kitambaa kilikuwa kinamla nyama.

"Unapika nini?"

"Maji ya kuoga. Nawe unataka kuniona nikioga?"

Koplo akaona haya, akacheka. "Basi nionyeshe muhuri, bibi, niende zangu."

Akateremsha upindo wa kanga kidogo, fundo likatokeza. Lakiri ilikuwa nzima, ila iling'aa kwa mvuke, na Bi Mwajabu alijua kwamba imelainika. Kidole kimoja tu, Koplo akigusa kwa kidole kimoja tu, alama itabaki. Koplo aliinama. Mkono wake ukatoka, ukakaribia, kisha ukasita hewani. Hakuwa mtu wa kugusa kiuno cha mwanamke wa umri wa mama yake. Akaurudisha mfukoni.

"Upo sawa," alisema. "Kesho barazani saa tatu."

Alipotoka, Bi Mwajabu hakukivua kitambaa. Alikwenda mpaka uani, akakaa kwenye kigoda, akalia kwa sauti ndogo, sehemu kwa maumivu na sehemu kwa kitu kingine. Alama ile ya ubavuni alizikwa nayo.

Kesho yake baraza lilijaa mpaka nje. Koplo akakata uzi, akatandaza marekani mezani, na hakimu akavaa miwani. Mbegu ishirini zililala pale, zimelowa, zimevimba, nyingine zimepasua ganda kidogo. Hata mkia mmoja haukuwepo.

"Neno lako, Bi Mwajabu."

Kwenye mlango alimwona mkulima mmoja wa bondeni amenyoosha shingo.

"Maiti," alisema.

Baraza likapumua. Kokushubila akapiga magoti pale pale. Hakimu akamsifu Bi Mwajabu mbele za watu, akasema serikali ingekuwa na mashahidi kumi kama yeye kazi ingekuwa nyepesi. Na kwa kuwa zimeonekana ni chakula cha njiwa, akaamuru Gaudens arudishiwe kopo lake, akawalishe njiwa wake, na asionekane tena pale. Bi Mwajabu alisikia sifa zile kama mtu anayesomewa mashtaka.

Kwa wiki moja Kokushubila alimletea chakula kila siku, akampaka dawa ubavuni, na hawakulitaja jambo lile hata kwa fumbo. Bi Mwajabu akaanza kujiambia kwamba ni neno moja tu, limemwokoa mama na watoto wake, na Mungu ni mwingi wa rehema. Akapima mpunga wa mtu wa Madale. Akasema hai, ukaota wote. Moyo ukatulia kidogo.

Ijumaa ya pili, baada ya swala, Gaudens akaingia. Shati jeupe, kalamu mfukoni. Akaamkia vizuri, akakaa, akasukuma mlango kwa mguu ujirudishe. Kisha akatoa lile kopo chini ya koti na kuliweka mkekani kati yao.

"Mama, sina namna ya kukushukuru," alisema. "Koku ameniambia yote. Yale maji."

Bi Mwajabu akavuta kanga juu ya ubavu wake.

"Sasa nimepata kipande cha ardhi, huko mbele ya Chamazi, porini kabisa, hakuna mtu anapita. Masika ndiyo haya. Ila hizi zimekaa juu ya dari muda mrefu, na mie sitaki kufanya kazi ya bure. Nani mwingine wa kuniambia ukweli kama si wewe?"

"Uliapa mbele ya msalaba."

"Mama, watoto wanakula." Akalifungua kopo, akamshika mkono, akammiminia mbegu kiganjani.

Mkono haukuomba ruhusa. Uliziviringisha, na kiganja kikampa jibu lake, zi hai, waziwazi, kama kilivyompa maisha yake yote. Akavifunga vidole juu ya mbegu. Akafikiria mtoto analia ng'ambo ya ukuta, akafikiria Koplo na mkono wake uliosita, akafikiria kiuno chake.

"Haya, mama. Sema."

"Maiti," alisema Bi Mwajabu.

Gaudens akacheka, kwa upole, kama mtu anayetaniwa na bibi yake.

"Aa, mama. Hiyo ilikuwa ya barazani. Nataka ile ya kweli."

Bi Mwajabu akafungua mdomo. Alitafuta neno la kumjibu, neno ambalo mtu huyu angeliamini, na hakulipata. Gaudens akazichukua mbegu kiganjani mwake moja baada ya nyingine, akazirudisha koponi.

"Basi, si neno," alisema akisimama. "Nitakwenda kuuliza kwa mtu mwingine."